Mchonga Matuta ya Theluji kutoka Kinyangiri

Juzi nilikuwa Misigiri nasubiri gari la kunirudisha nyumbani. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa amevaa koti la mtumba, jekundu, zito, la baridi ambayo Singida haijawahi kuiona hata mwezi wa saba. Kwenye zipu kulikuwa na kikaratasi kigumu kimefungwa kwa waya, kinaning'inia.

Nikamwuliza, "Kijana, unajua hicho kikaratasi ni cha nini?"

"Shikamoo mzee," akasema. "Hii ni lebo. Inaonyesha koti ni orijino."

Nikacheka mpaka mama muuza karanga akanigeukia. Nikamwambia ile siyo lebo, ni tiketi. Mwenye koti lile, mzungu asiyemjua, siku moja aliketi kwenye kiti kinachoning'inia kwenye kamba ya chuma, akapandishwa mlimani juu ya miti, kisha akashuka akiteleza kwenye theluji. Na huenda katikati ya safari hiyo aliruka kwenye tuta nililolichonga mimi, kwa reki na beleshi, mimi Elia wa Kinyangiri. Kijana akaniangalia kama mnavyoniangalia ninyi sasa. Halafu akapata abiria, akaondoka na tiketi yake inacheza na upepo.

Ndipo nikasema, watoto wetu wanajua nililima alizeti na niliendesha greda, basi. Hili lingine niliwahi kulisimulia vipande vipande tu, na wengi walidhani ni ndoto. Hata mimi kuna asubuhi nikiamka nadhani ni ndoto.

Ilianza na barabara. Ilikuwa miaka ya ruksa, maduka yameanza kujaa tena, sabuni haipangiwi foleni, mashine za watu binafsi za kukamua alizeti zinanguruma mjini Singida, mitumba inamwagwa chini sokoni kama mahindi. Makampuni ya nje yakaja kujenga barabara, nami nikapata kazi ya kuendesha greda. Mkubwa wetu alikuwa Inginia Stefan, Mwaustria mrefu mwenye nyusi nyeupe, mtu wa maneno machache. Alipenda kusimama nyuma ya greda langu jioni, anaangalia uso wa barabara jua likiwa chini, kwa sababu jua la jioni halifichi kasoro. Siku moja akaniita.

"Elia, umewahi kuona theluji?"

"Kwenye picha ya Kilimanjaro."

"Kaka yangu Walter ana mlima. Anatafuta mtu wa mashine mwenye mkono mwepesi."

Mimi nikasikia neno moja tu: ana mlima. Nikadhani ni utani wa kizungu. Mtu anakuwa na ng'ombe, anakuwa na shamba, akiwa na bahati sana anakuwa na lori. Mlima ni wa nani? Kumbe kweli Walter alikuwa na viti vya kamba, na hoteli, na mteremko wenyewe, kwenye kijiji cha milimani huko kwao.

Nilipomwambia mama, alikuwa anapepeta uwele. Hakusimamisha ungo.

"Unaenda kufanya nini huko?"

"Kuchonga matuta, mama."

"Ya viazi?"

"Ya theluji."

Akapepeta kwanza. Kisha akauliza, "Na hiyo theluji inaota nini?"

Nikaondoka na swali lake.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo wengi hunikatiza. Mnauliza baridi ilikuwaje. Baridi mnaizoea, ni nguo tu. Kisichozoeleka ni ukimya. Asubuhi ya kwanza nilitoka nje nikadhani nimeziba masikio. Theluji ilikuwa imeanguka tangu jana yake, na theluji inameza sauti. Gari linapita hulisikii, mbwa anabweka unamwona mdomo tu. Miti imesimama imebeba mizigo myeupe, na mara moja moja tawi linachoka, linautua mzigo wake taratibu, unga unamwagika, na tawi linapanda juu. Nilisimama pale muda mrefu. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, lakini nilinyoosha mkono nikasubiri chembe moja itue kwenye glovu. Ilikuwa na umbo kama ua. Nikataka kumwonyesha mtu, na ilipoyeyuka nikaona kwamba hakuna mtu.

Kazi yenyewe ilikuwa mpya hata kwa wenyeji. Wazee wa pale walikuwa wanateleza kwa skii, yaani mbao mbili nyembamba, moja kila mguu, wanashuka kwa adabu, kushoto kulia, mpaka chini hotelini kunywa supu. Wakaja vijana na ubao mmoja mpana, wamesimama ubavu kama mtu anayepita kwenye mlango mwembamba, suruali zao pana kama magunia. Hao hawakutaka kushuka tu. Walitaka kupaa. Walikuwa wanajenga vilima vyao kwa mikono popote wanaporuka, na wenye skii wanagombana nao. Baadaye hata vijana wa skii wakaanza kuruka na kugeuka hewani, wakashuka kinyumenyume. Walter alipoona wageni wanaongezeka, akawapa mteremko wa pembeni, wenyewe wakauita paki. Humo kulikuwa na matuta ya kurukia, ya ngazi zote, na mabomba ya chuma ya kuteleza juu yake. Ndio uwanja wangu wa kazi.

Mwalimu wangu aliitwa Bruno. Alikuwa mfugaji. Mteremko ule wa paki, kiangazi theluji ikishayeyuka, ulikuwa malisho ya ng'ombe wake, na kila bonde na kila jiwe lililokuwa chini ya theluji alilijua kwa sababu alilichungia. Goti lake moja lilikuwa bovu. Kwa kuwa alikuwa sawa na baba yangu kwa umri, sikuweza kumwita jina, ulimi ulikataa, nikamwita Mzee. Watu wakadhani ni jina la heshima la kazi. Msimu haujaisha, kijiji kizima kinamwita Mzee, hata mke wake, hata Walter kwenye redio: "Muulizeni Mzee kama bomba la juu limekaa sawa." Bruno alilipenda jina lile. Alilitamka "Metzee."

Kosa langu la kwanza liliwafurahisha watu kwa wiki nyingi. Walinipa mashine, kama katapila yenye minyororo mipana, blade mbele, na nyuma kuna kitu cha kuchana theluji kikaiacha na mistari kama shamba lililopigwa reki. Bruno akasema nichonge tuta dogo, yeye anaenda kukamua ng'ombe. Nikalichonga. Nilijivuna nalo. Lilikuwa laini, limebana, na nililiwekea mgongo katikati, kushoto na kulia linashuka kidogo, kama kila barabara nzuri inavyotakiwa. Vijana wa kwanza wakaja kasi. Mmoja akamwagikia kushoto, wa pili kulia, wa tatu akapanda sawa halafu akatoka kama maji ya mvua yanavyoingia mtaroni. Bruno aliporudi alishika goti kwa kucheka.

"Elia, hapa hakuna mvua ya kuondoa," akasema. "Hawa tunawataka wabaki juu ya barabara."

Tukalisawazisha pamoja. Ndipo akaanza kunifundisha kweli. Alinifundisha kuisikiliza theluji chini ya kiatu: ikilia kama mlango mkavu, ni nzuri, ikinyamaza, ina maji. Alinifundisha kwamba tuta likishachongwa liachwe, usilipapase, baridi ndiyo fundi wa mwisho. Alinifundisha kuanza na pale mtu atakapotua, pawe na mteremko wa kumpokea, ndipo urudi nyuma utengeneze pa kurukia. Siku za ukungu, mbingu na ardhi vikiwa rangi moja, anayeruka haoni chini ni wapi. Anaelea ndani ya maziwa. Siku hizo tulibeba magunia ya majani makavu ya misonobari tukayanyunyiza pa kutua, ili macho yapate kitu cha kushika. Nilipenda siku za ukungu. Unasikia ubao unakuja juu, shaaa, halafu kimya, mtu yuko mahali fulani hewani na humwoni, halafu anatokea mbele yako kama aliyezaliwa sasa hivi.

Na alinifundisha chumvi. Hili ndilo watu hawaliamini kabisa. Siku ya joto, theluji ikiwa na maji kama uji, unamwaga chumvi. Inayeyusha kidogo, na katika kuyeyusha inanyonya joto lililopo, na yale maji yanaganda upya, magumu kuliko mwanzo. Kwa saa chache unapata tuta gumu katikati ya mteremko laini. Baadaye nguvu ya chumvi inaisha, na ikiisha imeisha, hata umwage gunia zima. Bruno alikuwa anaitupa kama anawarushia kuku, inaanguka mafungu, inatoboa mashimo. Siku moja nikamwomba ndoo. Nikatembea nikitupa kama mama anavyopanda uwele, mkono unafunguka taratibu kutoka kiunoni, hatua na mkono pamoja. Chumvi ikatanda sawasawa. Bruno akaweka ndoo yake chini, akasema, "Kazi hii sasa ni yako." Kuanzia hapo kila siku ya joto nilipita mteremko ule nikipanda chumvi, na kila mara nilimfikiria mama, kwa sababu msimu wao wa theluji ndio msimu wetu wa kulima. Saa ile ile alikuwa shambani Kinyangiri, anapanda, na mimi napanda. Wa kwake ungeota.

Bruno alikuwa na binti, Lena, mtoto wake wa pekee. Alikuwa na ubao wake tangu ubao ulipokuwa mrefu kumshinda. Alikuwa msichana mkali, hasemi sana, anauma kamba za glovu akifikiri. Akija paki hakuanza kuruka. Alilizunguka tuta kwa miguu kwanza, akaligusa, akaniambia kasoro zake, ndipo akapanda juu. Nilikuwa namwogopa kuliko Walter.

Msimu mmoja paki yetu ikapewa mashindano makubwa. Walikuja vijana wa nchi nyingi, mabasi yakajaa kijijini, vyombo vya televisheni vikafungwa kwenye nguzo. Mshindi wa kike wa nchi yao angechukuliwa kwenye timu ya taifa. Kila mtu kijijini alijua huyo anatakiwa kuwa nani. Tulilijenga tuta kubwa kwa wiki nzima, Bruno na mimi na wengine, na lilipokwisha lilikuwa jambo la kutazama: njia ndefu ya kuchukulia kasi, kisha tuta linapanda kama wimbi lililosimamishwa, na ukingo wake wa juu, tuliokuwa tunauita mdomo, umekatwa safi kama kwa kisu. Mbele yake ni hewa tu. Halafu chini kabisa, mteremko wa kupokea.

Siku ya mashindano ukaingia upepo wa joto kutoka kusini. Tangu asubuhi mapaa ya nyumba yanachuruzika. Bruno alinusa tu, akasema neno moja la Kijerumani nisilolirudia mbele ya watoto. Tukaanza chumvi mapema. Nikapanda chumvi tuta zima, juu mpaka chini, na likaitika. Ukigonga kwa reki linasema ko, ko. Lakini tulijua tunaazima muda.

Mimi nilipangiwa kusimama pembeni ya mdomo. Kila mtu akiruka, ninasawazisha alama yake kwa reki, kisha wa pili anaruhusiwa. Mkononi nilikuwa na kibendera chekundu. Kikiwa chini, njia ni wazi. Kikiwa juu, hakuna anayeshuka, hata awe nani. Bruno alikuwa chini yangu kidogo, upande wa pa kutua. Ndipo nilipoliona jambo ambalo misimu yote ile sikuwa nimeligundua. Lena aliposhuka mara ya kwanza, Bruno aligeuka, akaupa mteremko mgongo, akainamisha kichwa. Alisikiliza tu. Ubao ulipogusa chini vizuri, paa, ndipo akageuka akainua mkono. Lena kutoka chini akapunga, akidhani baba ameona.

Mchana ukasogea. Chumvi ikaanza kuchoka. Nilikuwa nikikanyaga kwa kisigino, kinaingia. Wa fainali walipanda juu, Lena awe wa mwisho. Aliyemtangulia, kijana mmoja wa skii aliyekuwa anaruka kwa maonyesho tu, si kwa kushindana, alipofika mdomoni mbao zake zilishika ghafla, akatupwa mbele, akajipindua vibaya, akatua kwa mgongo. Aliinuka, watu wakampigia makofi. Mimi nilikuwa naangalia mdomo. Kipande cha ukubwa wa mkate kilikuwa kimeondoka. Nikajaza kwa beleshi, nikapiga kwa mgongo wa beleshi. Hakikushika. Nikajaza tena. Ulikuwa uji.

Redio ikasema, sauti ya Walter, "Elia, vipi? Tuko hewani."

Juu kabisa Lena alikuwa ameinua mkono, yuko tayari. Chini watu wanaita jina lake. Nikamtazama Bruno ili anipe neno, na Bruno alikuwa ameshageuza mgongo, kichwa chini, anasubiri kusikiliza.

Niliinua bendera.

Kelele zilikatika kama mtu amezima redio. Walter akapanda na pikipiki ya theluji, uso mwekundu.

"Kwa nini?"

"Mdomo umekwisha, bwana Walter."

"Wengine wote wamepita."

"Ndiyo."

"Amebaki mmoja tu, Elia. Mmoja!"

"Ndiyo, mmoja."

"Mpaka lini?"

Nikamwonyesha ng'ambo, kivuli cha mlima kilipokuwa kinatambaa kuja kwetu. "Kikifika hapa, theluji itakaza."

Aliangalia kile kivuli, akaangalia saa yake, akaangalia nguzo za televisheni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye mabasi yanayotakiwa kuondoka. Bruno akafika, anachechemea, watu wote wakamgeukia yeye, baba mwenye binti juu na tuta chini. Aliinama, akabonyeza mdomo kwa kidole gumba. Nilitamani aseme nimefanya vema au nimeharibu, lolote.

"Bendera ni ya Elia," akasema.

Mashindano yakafungwa kwa alama za raundi za mwanzo. Kombe lilikwenda kwa msichana wa nchi nyingine, na nafasi ya timu ya taifa kwa mwingine wa kwao. Lena alishuka kwa miguu, ubao begani. Akanipita, akasimama, akarudi.

"Ningepita," akasema.

"Labda."

"Si labda. Ningepita!" Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Vijana wangu, mimi si mtu wa kuwadanganya. Mpaka leo sijui. Huenda angepita. Wengine walipita. Mnapofanya kazi ya kuzuia, hamtaonyeshwa kamwe kile mlichokizuia, mtabaki na mtu anayelia mbele yenu, basi. Nilichokijua ni kile nilichokiona kwenye beleshi.

Mabasi yakaondoka. Muziki ukazimwa, bendera za matangazo zikashushwa. Mimi sikuwa na pa kwenda, na mikono ikiwa na huzuni hupenda kazi, nikabaki nalo tuta. Kivuli kikafika. Kwanza kwenye njia ya kasi, kisha kwenye miguu yangu, na baridi ikaja nacho kama maji yanavyopanda. Jua lilikuwa bado liko upande wa pili wa bonde, njano, mbali. Huku kwetu kila kitu kikawa buluu. Nikajaza mdomo, nikaukata upya, nikaacha. Nilipoburuta reki, ikalia. Theluji imekaza. Bruno alikuwa amekaa kwenye ndoo ya chumvi iliyopinduliwa, mkono juu ya goti.

Viti vya kamba vilikuwa vinazunguka vitupu. Halafu kimoja hakikuwa kitupu. Nikamwona mtu anashuka kitini, juu kabisa, mdogo kama mbegu, anainama kufunga viatu.

"Mzee," nikasema, "binti yako yuko juu."

Bruno akainuka. Akageuka, akaupa mteremko mgongo kama kawaida yake. Nilimwacha; nilimjua, na si kazi ya mtu kumgeuza mzee. Bendera ilikuwa chini kwenye theluji, na Lena juu aliiona iko chini, akaegemea mbele.

Hapakuwa na mtangazaji wala makofi. Ilikuwa ile sauti tu, shaaa, ndefu, inakua. Na nilipogeuza kichwa nikamwona Bruno anageuka pia. Alifanya polepole, kama anayefungua mlango wa chumba cha mgonjwa. Lena akapanda tuta. Mdomo ukamwachia.

Sijui alikuwa hewani kwa muda gani. Najua alizunguka mara moja bila haraka, kwamba alishika ubao kwa mkono mmoja, na kwamba alipofika juu zaidi alitoka kwenye kivuli akaingia kwenye lile jua la njano lililokuwa linapita juu yetu, akawaka, koti, nywele, ubao, kisha akazama tena kwenye buluu. Alitua laini kama kitambaa kinavyotua kitandani.

Bruno alikuwa anafuta uso kwa glovu.

"Ndivyo inavyokuwa?" akaniuliza.

"Ndivyo, Mzee."

Lena akapanda kwa miguu kutuendea, mvuke unamtoka mdomoni. Baba yake alimpokea ubao, akauweka begani kwake yeye, na binti akamwangalia sana, nadhani alielewa. Kisha akanigeukia mimi.

"Bado nimekasirika."

"Najua."

"Nipe reki."

Tukalichana lile tuta wote watatu mpaka chini.

Hakuchukuliwa timu ya taifa, si mwaka ule wala mwingine. Alishindana misimu michache, akaumia mkono, akaacha. Lakini reki hakuiacha. Goti la Bruno lilipomshinda kabisa, Lena ndiye aliyeshika paki, na niliwahi kumwona na bendera juu, amesimama kama nguzo, na Walter anapiga kelele kwenye redio. Mimi nilirudi nyumbani mama alipoanza kushindwa kulima peke yake. Bruno alifariki baadaye. Lena alinipigia siku hiyo hiyo, na tulikaa kwenye simu muda mrefu bila mazungumzo ya maana.

Bado anapiga. Mwezi wa kumi na mbili uliopita alinipigia simu ya video. Nilikuwa kwenye shamba langu la alizeti, limeshavunwa, ardhi tupu, tunasubiri mvua. Akageuza simu nione mteremko. Ulikuwa majani matupu, na ng'ombe wanakula.

"Haijaanguka bado," akasema. "Lakini ikianguka, Elia, nataka kulijenga lile kubwa. Kama la siku ile. Wewe unakumbuka vipimo?"

"Nakumbuka."

"Nionyeshe."

Basi nikaiegemeza simu kwenye kichuguu. Nikaenda mwisho wa shamba, nikageuka, nikaanza kushuka polepole kwa hatua, nikimweleza kwa Kijerumani changu kibovu: hapa anachukua kasi, hapa anatulia, hapa tuta linaanza kupanda. Nilipofika penye mdomo nikasimama na kunyoosha mkono ili aone urefu. Watu waliokuwa wanapita njiani wakaanza kusimama. Mama Neema, jirani yangu, alikuwa upande wa chini na mbuzi wake, ananitazama, kiganja juu ya macho.

"Na baada ya hapo?" Lena akauliza kutoka kwenye kichuguu.

"Baada ya hapo ni hewa," nikamjibu, nikaruka hatua zote za hewa kwa macho, mpaka chini. Kisha nikapaza sauti kwa Kiswahili.

"Mama Neema! Naomba uwasogeze mbuzi kidogo."

"Kuna nini, Baba?"

"Kuna mtu anatua hapo."

Akanitazama mimi, akatazama angani. Kisha akawasogeza.